Unguja nje ya Mji Mkongwe: wenyeji wenyewe wanakula na kukaa wapi?

mwana_Igoma

Habari zenu wadau, natumai wazima. Naombeni msaada hasa nyie mliozaliwa Unguja au mnaokaa kule. Mwezi ujao nina semina ya kazi Dar, ikiisha nataka nipande boti nikae Zanzibar siku nne kabla sijarudi Mwanza. Itakuwa mara yangu ya tatu kufika lakini ukinikalisha chini ukaniuliza Zanzibar ikoje nitakutajia Forodhani, Ngome Kongwe, maduka ya Gizenga, milango yenye misumari ya shaba na lile kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, nimemaliza. Mara zote mbili nimelala Shangani, nimekula Shangani, na vichochoro nilivyopita ni vile vile mpaka wauza vinyago wamenizoea sura. Ni pazuri sana sibishi, na najua yale majumba ni urithi wa dunia tangu 2000, ila kila nikirudi nyumbani nasikia kama nimeenda kwa watu nikaishia sebuleni.

Kilichonifanya niandike ni hivi. Usiku wa mwisho safari iliyopita nilikaa kwenye meza moja ya vyakula karibu na bahari, hesabu ilipokuja nikalipa kimya kimya nikaondoka roho inaniuma, na sio hela tu, ni kwamba kuanzia mwanzo mpaka mwisho sikuona mwenyeji hata mmoja anakula pale isipokuwa waliokuwa wanauza. Nikatembea mpaka Darajani kupunguza hasira. Pale nikaona watu wengi wanavuka ile barabara kubwa, kina mama wana mifuko, watoto wametoka madrasa, vijana na baiskeli, wote wanaelekea upande ule mwingine, yaani mji mzima unarudi kwao. Nikasimama nikawaangalia kama dakika kumi. Sikuvuka, ilikuwa usiku na simjui mtu.

Safari hii nataka nivuke. Naomba kujua watu wa kule asubuhi wanakunywa chai wapi, urojo wanaokula wenyewe uko wapi, jioni wanakaa wapi. Mimi ni mwanamke natembea peke yangu, si Muislamu ila najua kujistiri. Fukwe sitaki, hoteli za kaskazini sitaki. Nipo serious kabisa.

pwani_kwanza

Rahisi tu dada. Vuka Darajani ingia Mlandege, nyoosha mpaka Michenzani, ni kama dakika kumi kwa mguu, jioni utakuta mishkaki, chipsi, urojo, juisi za kila aina. Hela ya sahani moja ya kule ulikokwenda huku unakula siku mbili. Kama unataka soko panda gari ya Kwerekwe, yaani Mwanakwerekwe. Kazi kwako.

MtotoWaKikwajuni

Karibu sana dada yangu, na hilo swali lako limenifurahisha kwa sababu wageni wengi wanaotuuliza wanataka "sehemu iliyojificha" kama vile sisi tumejificha, wakati tupo tu na ndio wengi kuliko hao wa Mji Mkongwe. Miye nimezaliwa Kikwajuni nimekulia Kikwajuni, bibi yangu mzaa mama alikuwa Miembeni, kwahiyo nitakachokwambia nakijua kwa miguu.

Kwanza jua pale uliposimama. Darajani palikuwa na daraja kweli, na chini yake maji. Mji Mkongwe ulikuwa karibu uwe kisiwa, mkono wa bahari ulikuwa unaingia kutokea Funguni unakwenda mpaka Mnazi Mmoja, na watu wa kule kwenye majumba ya mawe wakituita sisi wa ng'ambo, yaani ng'ambo ya maji. Wakati wa Mwingereza yale maji yakafukiwa kidogo kidogo, leo ukicheza mpira Mnazi Mmoja au ukikaa bustani ya Jamhuri jua umekaa palipokuwa bahari. Maji yamekwenda, daraja limekwenda, jina la Ng'ambo limebaki mpaka kesho. Na huku ndiko walikokuwa wakiishi wapagazi, wavuvi, mafundi, waliokuwa watumwa na watoto wao, watu wa bara, Wangazija, kila mtu. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, alipotoka Fumba kuja mjini alikaa Ng'ambo huku huku, sauti yake ikatoka hapa ikaenda kurekodiwa Bombay 1928. Bi Kidude, mwimbaji mwengine, naye mpaka anafariki 2013 alikuwa mtu wa Ng'ambo, watoto wa mtaani wakimuamkia akipita na sigara yake. Nakwambia haya ili ukija usione mabati na vumbi ukadhani huku hakuna kitu cha kale.

Sasa jibu la swali. Wenzangu watakutajia mahali, miye nakutajia saa, kwa sababu Ng'ambo mlango ule ule asubuhi ni wa chai, mchana umefungwa, alasiri ni baraza ya bao, usiku ni pweza. Ukija saa siyo utasema hakuna kitu.

Alfajiri. Amka ile sala ya alfajiri ikishatoka, kama saa kumi na moja na nusu au kumi na mbili, vuka wakati bado kuna kiubaridi. Ingia mitaa ya ndani, Mwembetanga, Miembeni, Kikwajuni, usifuate barabara kubwa. Utaona mama kafungua mlango wa mbele kaweka meza, juu yake mabakuli yamefunikwa kawa. Ndani yake kuna mikate ya kusukuma (chapati nyinyi mwaita), mikate ya maji, mandazi, vitumbua, muhogo wa nazi, maharage, siku nyengine mbatata za mchuzi. Watoto wanatumwa na sahani, wazee wanakuja na chupa zao za chai. Hakuna bango wala jina. Simama, salimia, uliza kipi cha moto. Wengine wana benchi dogo utakaa, wengine hawana utafungiwa. Saa mbili unusu hivi vimekwisha, ukija saa tatu utakuta meza inafutwa.

Mchana usijichoshe. Watu wa huku chakula cha mchana wanakula majumbani kwao, wali wa nazi na mchuzi wa samaki, mchicha, pilipili ya kutwanga, ndio maana huoni mikahawa mingi mitaani, sio kwamba hatuli. Huo ndio muda wa Mlandege ukitaka kanga na vitambaa, au uende Kisiwandui kwenye kaburi la Mzee Karume, pale pale ndipo alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, na wazee husimulia kwamba alikuwa anacheza bao. Au uyatazame majumba ya Michenzani. Wageni wengi wanayapita wakisema mabaya, miye nawaombeni myaangalie vizuri. Baada ya Mapinduzi ya 1964 walikuja Wajerumani Mashariki wakaanza kwetu Kikwajuni na Kilimani, halafu miaka ya 1970 ikaja Michenzani, majumba marefu, mengine yanapita viwanja viwili vya mpira, yana namba, mtu akikwambia nakaa jumba namba fulani umeshapajua. Nyumba nyingi za zamani zilivunjwa kuyapisha, hilo pia wazee hawakulisahau. Lakini tazama roshani zake jioni: kanga zimeanikwa, vyungu vya mrehani, mtoto anateremsha kikapu kwa kamba anunuliwe boflo (mkate) chini. Saruji ya Ujerumani tumeifanya ya Kiunguja.

Ijumaa adhuhuri maduka mengi yanafungwa watu wako msikitini, usishangae.

Alasiri, kuanzia saa kumi, ndio Ng'ambo inaamka tena. Wazee kwenye mabaraza, bao, dhumna, keram kwa vijana. Muuza kahawa anapita na dele lake na jiko la mkaa chini yake, anagonga vikombe unamsikia kabla hujamuona. Kahawa chungu, kipande cha halua au kashata, mjadala wa siasa na mpira. Uwanja wa Mao upo kwetu hapa Kikwajuni, kukiwa na mechi ya ligi ingia, kiingilio kidogo, utajua mji unavyopiga kelele. Na hivyo umeshatajiwa Mlandege jua ule si mtaa wa maduka tu, ndio timu ile ile iliyomfunga Simba moja bila fainali ya Kombe la Mapinduzi Januari 2024, na mwaka uliotangulia kombe lilikuwa lake vile vile. Siku ile huku watu hawakulala.

Urojo sasa. Urojo ni chakula cha alasiri kuelekea magharibi, ukiula saa nne usiku umekula mabaki. Uangalie rojo lenyewe: liwe jepesi, la manjano, ukali wake utoke kwenye embe bichi au ukwaju, sio ndimu ya kuungia mwisho. Badia ziwe za leo. Ndani mbatata, kachori, chipsi za muhogo zilizosagika juu, mshikaki mmoja, yai ukipenda, chatne ya nazi na pilipili. Ukiona foleni ya wanafunzi na kina mama wa nyumbani wamekuja na bakuli zao kubeba, kaa hapo hapo. Mtu hatoki kwake na bakuli kwenda kununua kibaya.

Baada ya magharibi ndio mishkaki na pweza, Michenzani kote mpaka Raha Leo na Kariakoo yetu ya huku, sio ile ya Dar. Na ukipata juisi ya mabungo kunywa, usiulize ni nini kwanza.

Jambo moja la mwisho, na hili ndio kubwa kuliko vyakula vyote. Ukipita mbele ya baraza SALIMIA. Asalaam aleikum, au shikamoo kwa wazee, hata kama hukusimama. Huku mtu anaepita kimya ndio mgeni, anaesalimia ni mtu wa mtaani ambae hatujamjua jina tu.

nyumba_ya_pembeni

Naomba na miye niseme neno, msinione mchoyo. Nakaa Mwembetanga. Mwaka juzi walikuja vijana wamewaleta wageni kama kumi na tano kwa pamoja, kila mtu simu juu, wakasimama mlangoni kwetu wakampiga picha bibi yangu amekaa anasukwa nywele, kichwa wazi. Bibi wa watu hakusema kitu, aliingia ndani na siku tatu hakukaa tena pale kizingitini, pahali alipokaa miaka yote toka mume wake yuko hai. Hakuna aliyeomba radhi na wala hakuna aliyenunua hata andazi.

Kwahiyo mnavyotangaza mitaa yetu tangazeni na adabu yake. Dada aje, tena aje tu, inaonekana ana nia nzuri. Lakini aje peke yake au na mwenziwe mmoja, simu ikae kwenye mkoba, na akitaka picha aombe, akiambiwa hapana iwe hapana. Naogopa siku ile bei ya mkate wa kusukuma itakapowekwa kwa ajili ya mgeni, mwanangu ataamka asubuhi na mia tano yake arudi na njaa. Kule mbele ya bahari kulianza hivi hivi, wenyewe tulikuwa tukienda jioni na watoto, siku hizi tunakwenda kuangalia maji tu.

MtotoWaKikwajuni

@nyumba_ya_pembeni sijakuona mchoyo hata kidogo na pole kwa bibi. Ndio maana nimetaja saa na mitaa, sijataja mlango wa mtu wala jina la mama yeyote. Anaetaka kumjua mama wa mikate atembee mpaka amkute mwenyewe, akimkuta kwa miguu yake atamheshimu.

Ummu_wa_Maskati

Asalaam aleikum nyote. Mie nipo Maskati mwaka wa 11 huu lakini kwetu Jang'ombe, na nimesoma hapa moyo umenikaa kooni. Kaka hapo juu kaeleza vizuri ila kaeleza Ng'ambo ya wanaume, mabaraza, bao, dele la kahawa, uwanja wa mpira. Wewe mwanangu ni mwanamke na uko peke yako, barazani kwa wazee hawatakufukuza, watakupisha hata kiti, lakini mazungumzo yatakatika watabaki wanatazama chini mpaka uondoke. Si chuki, ni haya.

Ng'ambo ya wanawake ipo uani na vizingitini, na saa yake ni ile ile alasiri. Kazi za ndani zimekwisha, wali umeliwa, watu wamekoga wamejitia udi. Ndio utamkuta mtu kakaa kwenye kigoda mlangoni anakaanga badia za kunde au katlesi, jirani yake anachambua mchele, mwengine anasukwa. Wewe nunua badia zako za elfu moja, usiondoke nazo. Sema "naomba nikae hapa nile". Hakuna mwanamke wa Kiunguja atakaekwambia hapana, atakupa kigoda na maji. Ukishakaa ndio umefika Zanzibar.

Halafu utaulizwa. Umeolewa? Una watoto wangapi? Kwenu wapi, wazee wako hai? Kwanini umesafiri peke yako, hukuogopa? Usione vibaya mwanangu, hapo si udaku, huku mtu hajui akuhurumie vipi mpaka ajue wa kwenu. Na wewe uliza. Ukiambiwa karibu chakula, mara ya kwanza sema ahsante nimeshiba, ya pili sema ahsante, ya tatu ingia ule. Aliekukaribisha mara tatu kishakutia sahani. Na ukila kwa mtu usitoe pesa mkononi, utamvunja. Kesho yake pita na kilo ya sukari au matunda kutoka Darajani, mpe mtoto apeleke ndani.

Kuvaa: dera na mtandio unatosha, buibui si lazima. Kanga moja iwe kwenye mkoba daima, itakufaa kujifunika, kukalia, hata kubebea.

Sie huku Ijumaa tunakutana tunapika urojo, ukwaju upo, embe bichi tunapata, nazi ya kopo. Watoto wetu wanaupenda. Lakini hakuna anaekuja na bakuli lake mlangoni, kila mtu anakuja na gari. Basi ukikaa kile kigoda nikumbuke.

Kisauni_boy

Mimi ni wa Mombasa na hii stori ni ile ile. Mgeni akija anapelekwa Fort Jesus na Mji wa Kale kisha hoteli za Nyali, hakuna anayempeleka Majengo asubuhi akale mahamri kwa mbaazi ama Kongowea akaone soko. Na sisi pia asubuhi ni mlangoni kwa mama mtu, ukichelewa umekosa. Urojo wenu nilikula nikapenda lakini viazi karai hamtuwezi, hapo mtanisamehe.

pwani_kwanza

@Kisauni_boy viazi karai ni badia zilizokosa rojo 😂 karibu Unguja ndugu yetu.

mwana_Igoma

Wadau nimerudi, nipo Mwanza tangu juzi, nimeona niwape mrejesho maana mlinisaidia kuliko mnavyojua.

Nilipata chumba Kikwajuni, gesti ndogo ya kawaida, feni na chandarua. Siku ya kwanza nikakosea saa, nimelala na uchovu wa boti nikatoka saa tatu asubuhi, nikazunguka Miembeni yote nikakuta meza tupu na kawa zimeanikwa ukutani, nikanywa chai na boflo dukani. Kaka wa Kikwajuni nilikukumbuka. Siku ya pili saa kumi na mbili kasoro nipo nje. Kaka ni kweli kabisa, ni mji mwingine! Harufu ya nazi na moshi wa makuti, watoto na sahani, mtoto mmoja kama wa miaka sita akaniangalia akaniambia "we bi mgeni muhogo wa mwisho ndio huo chukua upesi". Nikachukua. Nimekula muhogo Usukumani toka nizaliwe sijawahi kula muhogo ule, tui zito limeingia mpaka katikati, pilipili moja nzima juu haijapasuliwa.

Salamu nazo. Siku ya kwanza nilikuwa napita najikaza naangalia mbele kama ninavyotembea Dar, watu wananitazama. Siku ya pili nikaanza kusalimia kila baraza, mpaka jioni ile wananiitikia kwa jina la "Mwanza". Mzee mmoja barabara ya Michenzani akaniambia Mwanza mnatuletea dagaa wenu tunao wetu, nikamwambia babu wetu ni wa maji baridi hawana chumvi, akacheka akaniagizia kahawa kabisa. Nikainywea nimesimama pembeni kidogo, kama Ummu alivyosema, nikashukuru nikaendelea.

Sitaficha, kuna vilivyonichosha. Joto la mchana likikaa katikati ya yale majumba halina pa kutokea, pikipiki za Mlandege hazina huruma na mwenda kwa miguu, na mitaro mingine mvua ikinyesha inafurika. Nimeona pia ngazi za majumba mengine zimechakaa, na mama mmoja wa ghorofani akanieleza kuwa maji anapandisha kwa ndoo. Nayasema kwa sababu mtu akija akitegemea picha ya kadi atavunjika moyo.

Sasa kigoda. Ummu, nilifanya kama ulivyoelekeza, Mwembetanga, mama mtu mzima anakaanga badia mlangoni, nikanunua, nikasema naomba nikae nile. Hakujibu, alisukuma kigoda kwa mguu huku mikono iko kwenye unga. Nikakaa kuanzia saa kumi na robo mpaka adhana ya magharibi. Nikaulizwa yote uliyosema na mengine. Nilipomwambia mama yangu amefariki mwaka jana akaacha kukaanga, akanitazama, akasema "basi ndio maana". Hakuendelea, wala mimi sikumuuliza ndio maana ya nini. Akanipa kisu na bakuli la mbatata akaniambia menya. Nikamenya mbatata za urojo wa kesho, mimi na binti yake, wanatoa hadithi za mtaa mzima, nani kaolewa, nani kahamia Fuoni, nani alikuwa anaimba taarabu enzi hizo. Simu sikuitoa kabisa, sina picha hata moja ya siku ile, na @nyumba_ya_pembeni kama ndio mtaa wenu basi niliwapitia na sikumpiga mtu picha.

Niliitwa chakula mara tatu. Ya tatu nikaingia. Wali, mchuzi wa pweza wa nazi, ndizi mbivu. Tulikula chini kwenye mkeka. Kesho yake nikapita na sukari kilo mbili na machungwa, nikampa mjukuu, bibi akatoka mbio nje ananigombeza kwa nini nimefanya hivyo, huku kashika sukari.

Nyie mlioniandikia Mungu awabariki. Forodhani sikufika safari hii, wala sikukumbuka.

Ila nina swali. Ile juisi ya mabungo nimeinywa siku zote nne, Kariakoo na Raha Leo, nimerudi nayo kwenye ndoto. Mwanza sijawahi kuyaona hayo matunda sokoni. Yanapatikana bara au ndio mpaka nivuke maji tena?

Ummu_wa_Maskati

"Basi ndio maana". Nimelia mwanangu. Mabungo bara yapo, ulizia mtu wa Tanga au Morogoro akutumie na basi, yanahimili safari yakiwa na ganda lake gumu. Yapasue, toa zile punje na nyama yake, loweka maji, kamua kwa mkono usisage kokwa itakuwa chungu, chuja, sukari tia kwa wingi maana makali yale. Yakibaki weka friza. Na bibi wa badia ukimpigia simu mwambie yupo mtu wa Jang'ombe Maskati anamsalimia, atauliza mtoto wa nani, mwambie wa nyumba iliyokuwa na mkungu mbele, karibu na kisima.

nyumba_ya_pembeni

Dada wa Mwanza, juzi bibi yangu kakaa tena kizingitini jioni. Ukija tena pita umsalimie.